Mwezi wa Mei Uliokosekana

Barua ilifika nyumbani kwa dada yangu, Minneapolis, Jumamosi ya tarehe 9 Septemba 2023. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, hajavua hata viatu. Akanipigia simu. "Mdogo wangu, wamenikatalia," akasema, kisha akanyamaza. Nikamwambia asiitupe bahasha wala asiijibu barua kwa simu, aiache mezani mpaka nije.

Zilikuwa karatasi nne, lakini maneno yenye uzito yalikuwa kwenye aya moja tu ya ukurasa wa pili. Kampuni ya bima ilisema haitalipia upasuaji wa kupunguza unene kwa sababu mbili. Ya kwanza, dada hakukamilisha miezi sita mfululizo ya kupunguza uzito chini ya uangalizi wa kitabibu: mwezi wa Mei haupo. Ya pili, uwiano wa uzito wake na urefu, ule unaoitwa BMI, uko chini ya 35, kwa hiyo hastahili.

Mimi ni mkalimani wa hospitali, kazi niliyoifanya kwa miaka 11 sasa, na nimeketi kando ya Waswahili wengi wakisomewa barua za namna hii. Wengi huzipokea kama hukumu ya mahakama. Huitikia kwa kichwa, huikunja barua, huiweka kwenye mkoba, na mambo huishia hapo. Dada ameniruhusu nikiandike kisa chake bila jina lake, na nakiandika kwa sababu naamini kukataliwa kwake hakukuhusu mwili wake hata kidogo. Ugomvi ulikuwa wa karatasi tangu mwanzo, na wa karatasi hushindwa kwa karatasi.

Mwili wenyewe, na kipimo

Dada yangu ana miaka 51. Urefu wake ni mita 1.60, na Februari 2023 alikuwa na kilo 94. Hesabu ya BMI ni nyepesi: uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa dada, 94 kwa 2.56, tunapata 36.7. Kisukari cha aina ya pili alikuwa nacho mwaka wa tisa, anameza dawa za aina mbili na usiku anajichoma insulini, na bado kipimo chake cha A1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, kilikuwa 8.6. Presha anayo. Alipolazwa usiku mmoja kupimwa usingizi, mashine ilihesabu pumzi ikikatika au kupungua mara 22 kwa saa. Na magoti yake, baada ya miaka mingi ya kunyanyua wazee vitandani, yalikuwa yakilia kila apandapo ngazi.

Nyumbani haya hayaonekani. Kwetu Tanga mtu mnene huambiwa amenawiri, na aliyekonda huulizwa ana nini. Shangazi mmoja alimwuliza dada kwa simu kama maisha ya Marekani yamemshinda hata atake kukatwa tumbo. Mwingine akamshauri arudi akawekewe puto la tumboni pale hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, kama ambavyo wengi siku hizi husikia kwenye redio. Hakukosea sana, puto ni msaada kwa baadhi ya watu, ila hukaa tumboni kwa miezi kisha hutolewa. Daktari wa dada alikuwa anazungumzia kitu kingine: baipasi ya tumbo, ambayo hubakiza kifuko kidogo cha chakula na kukiunganisha moja kwa moja na sehemu ya kati ya utumbo mdogo. Upasuaji wa asili yake ulianza mwaka 1966 kwa daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, jimbo jirani kabisa na hili letu la Minnesota. Kwa mwenye kisukari una faida ya ziada, maana sukari mara nyingi huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua sana.

Kipimo cha nani astahili nacho kina historia yake, na bila kuijua historia hiyo barua ya bima haieleweki. Mwaka 1991 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliwaita wataalamu, wakakubaliana: BMI ya 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea kama mtu ana ugonjwa mkubwa unaotokana na unene. Makampuni ya bima yakaichukua kanuni hiyo na kuigeuza ukuta. Miaka 31 baadaye, mwaka 2022, vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, viliitoa kanuni mpya: 35 na kuendelea hata bila ugonjwa mwingine, na wenye 30 hadi 34.9 wafikiriwe iwapo wana kisukari au maradhi ya namna hiyo. Lakini bima nyingi zimebaki na ule ukuta wa 1991.

Swali la kwanza kabisa

Kabla dada hajamwona daktari wa upasuaji, Januari 2023, nilimwomba afanye jambo moja lililomchosha: aandike barua kwa ofisi ya utumishi ya mwajiri wake akiomba kitabu kamili cha mpango wa bima. Si kile kijarida chenye picha za familia zinazocheka. Kitabu chenyewe, ambacho kwake kilikuwa kurasa 118.

Kwa nini kuanzia huko? Kwa sababu kuna mipango ya waajiri iliyoandika wazi kwamba upasuaji wa unene haumo, kwa mtu yeyote na kwa sababu yoyote. Ukikuta sentensi hiyo, daktari hata akiandika barua kumi hazitasaidia, maana swali la kitabibu halijaulizwa. Nimewaona watu wakimaliza miezi sita ya kliniki, wamelipa kila ziara, ndipo wanaambiwa.

Kitabu kilitufunulia na jambo la pili. Kadi ya bima ya dada ina nembo ya kampuni ya bima, lakini fedha za matibabu zinatoka mfukoni mwa mwajiri. Kampuni inaendesha tu makaratasi. Mipango ya hivi iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ERISA. Maana yake ni kwamba idara ya bima ya jimbo haina mamlaka juu yake, na malalamiko ukiyapeleka huko yanarudi. Lakini sheria hiyohiyo inakupa nguvu kwingine. Ukiomba kitabu cha mpango kwa maandishi, msimamizi ana siku 30 za kukupa, na akikaidi mahakama inaweza kumtoza mpaka dola 110 kwa kila siku. Nilimwonyesha dada mstari huo. Kitabu kilikuja siku ya 12.

Ukurasa wa 67 ulikuwa na tunachokitafuta. Upasuaji umo. Masharti: BMI ya 35 au zaidi pamoja na angalau ugonjwa mmoja kati ya kisukari, presha na kukatika pumzi usingizini, "kabla ya kuanza programu ya maandalizi". Miezi sita ya kupunguza uzito, kila mwezi kukiwa na ziara "iliyoandikwa na daktari au mtabibu mwenye leseni". Tathmini ya mwanasaikolojia. Nilizipigia mstari zile nukuu mbili kwa kalamu ya kijani siku hiyohiyo, bila kujua zingetufaa vipi. Nilichokiona tu ni kwamba zilikuwa zimeandikwa kwa uangalifu kuliko sentensi za jirani.

Miezi sita

Ziara ya kwanza ilikuwa tarehe 14 Februari 2023. Mtaalamu wa lishe alikuwa mwanamke wa Kihmong, jamii yenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia, mpole, aliyeuliza ugali unapikwaje kabla ya kutoa ushauri wowote. Hilo lilimpa dada moyo kuliko dawa. Walipatana: ugali uwe wa ngumi moja, mboga kwanza, chai ya maziwa bila sukari, na chakula cha mwisho kabla ya zamu, si katikati yake saa tisa usiku.

Machi alikuwa na kilo 93. Aprili, 91 na nusu.

Mwanasaikolojia tulikaribia kuharibikiwa naye, na kosa lilikuwa la fani yangu. Dada anazungumza Kiingereza cha kazini vizuri, lakini kwa mambo ya moyoni aliomba mkalimani, ambayo ni haki yake na hailipiwi. Mimi kama ndugu siruhusiwi kumkalimania, wakamleta mtu kwa simu. Mwanasaikolojia akauliza kama huwa anakula chakula kingi kwa mkupuo huku akishindwa kujizuia, swali la kitabibu kabisa. Mkalimani akalifupisha: "Je, wewe ni mlafi?" Dada akakaza uso. Alijibu hapana, mara tatu, na kila swali lililofuata akajibu kwa neno moja. Taarifa ya kwanza ikaandikwa kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Tuliomba kikao cha pili na mkalimani mwingine, na taarifa ikaandikwa upya. Ingebaki ile ya kwanza, barua ya Septemba ingekuwa na sababu tatu.

Halafu ukaja Mei. Baba yetu alifariki Jumatano tarehe 3, Tanga. Alizikwa kesho yake alasiri kama ilivyo kwetu, na dada alipotua Dar es Salaam na kupanda basi akafika kulikuta kaburi. Alibaki mpaka khitma na baada yake kidogo kwa ajili ya mama, akarudi tarehe 27. Ziara yake ya kliniki ilikuwa imepangwa tarehe 9 Mei. Alipiga simu kutoka uwanja wa ndege kuomba ihamishwe, wakampa tarehe 6 Juni, nafasi ya kwanza iliyokuwepo. Hakuna aliyemwambia kwamba ziara ya tarehe 30 au 31 Mei ingemwokoa. Aliyepokea simu hakuwa mbaya, hakuwa anajua.

Juni kilo 91, Julai 90, Agosti 89. Madaktari walifurahi. Maombi ya kibali yalitumwa tarehe 15 Agosti. Yalikataliwa tarehe 5 Septemba, na sababu ya pili ndiyo iliyomwumiza dada kuliko ya kwanza, maana 89 kwa 2.56 ni 34.8. Alikuwa amewatii kwa miezi sita, na utii wenyewe ukawa kosa.

Aliniuliza, akiwa ameshika ile barua, "Kwa hiyo nile nirudi?" Aliuliza kwa dhati. Zilikuwa zimekosekana kama gramu 600 tu, na nusu ya kilo mtu anaipata kwa wiki moja ya wali na maharage ya nazi. Nikamwambia hapana, na bado nasema hapana kwa yeyote aliye katika hali hiyo. Kwanza sukari yake ingepanda. Pili, kuongezeka kwa uzito katika programu ya kupunguza uzito ni sababu nyingine ya kukataliwa kwenye mipango mingi.

Faili la kurasa 63

Hatua ya kwanza aliichukua daktari wa upasuaji: kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni ya bima. Yalikuwa mazungumzo ya kama dakika kumi. Jibu lilibaki lilelile. Sikushangaa, simu hizo hufaa zaidi pale karatasi inapokuwa haikufika.

Sisi tuliomba faili. Mtu aliyekataliwa ana haki ya kupewa bure nakala ya kila kitu walichokitumia kufikia uamuzi, na watu wachache sana huiomba haki hiyo. Liliwasili kwa posta, kurasa 63, na tulilisoma mezani kwa dada Jumapili nzima, yeye akisoma tarehe kwa sauti nami nikizilinganisha na kalenda. Ukurasa wa 41 ulikuwa karatasi ya muuguzi wa kampuni ya bima, aliyepitia maombi kabla ya daktari. Kulikuwa na visanduku vya kutia alama. Mbele ya BMI aliandika 36.7, uzito wa kuanza programu, na kisanduku cha "ametimiza" kikatiwa alama. Siku mbili baadaye daktari wao, ambaye taaluma yake iliyoandikwa pale ni tiba ya familia, aliandika 34.8 na kubatilisha. Hakutaja kitabu cha mpango. Alitaja mwongozo wa ndani wa kampuni, unaotaka BMI ya sasa.

Basi hapo ndipo zile nukuu za kijani zilipopata kazi. Mwongozo wa kampuni unasema jambo moja, kitabu cha mpango kinasema jingine, na dada ni mwanachama wa mpango. Kitabu kimesema "kabla ya kuanza programu". Muuguzi wao mwenyewe alikisoma hivyo.

Lakini Mei bado ilikuwa tupu. Tulizunguka nayo wiki nzima. Nilikuwa nimeshafikiria barua ya huruma, cheti cha kifo, tiketi ya ndege. Ndipo mama, kwa simu kutoka Tanga, akamwuliza dada kama aliendelea na zile dawa alizoandikiwa zahanati wakati wa msiba. Dada alikuwa amesahau. Tarehe 16 Mei, siku chache baada ya khitma, kichwa kilimwuma na macho yakaingia ukungu, wakampeleka zahanati moja hapo Ngamiani. Na kama ilivyo nyumbani, alinunuliwa daftari.

Wanaojua wanajua: daftari la shule la kurasa chache, jina na umri kwenye jalada, na ndani mtabibu anaandika kwa mkono. Mama alikuwa amelihifadhi kwenye sanduku la nguo. Alilituma picha kwanza, kisha lenyewe likaja na mtu aliyekuwa anasafiri. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu: tarehe 16/5/2023. Uzito kilo 92. Presha 158/96. Sukari 11.4. Chini yake mtabibu aliandika kwamba mgonjwa yuko kwenye mpango wa kupunguza uzito, amepewa ushauri wa chakula, apunguze wanga na chumvi, atembee kila siku. Sahihi, jina, namba ya usajili, na muhuri wa zahanati, mviringo, umekolea upande mmoja.

Nililishika lile daftari nikatetemeka mikono. Kilo 92 haikuwa mbali na 91 na nusu ya Aprili wala na 91 ya Juni. Kitabu cha mpango kinataka ziara iliyoandikwa na daktari au mtabibu mwenye leseni. Hakikusema leseni ya wapi.

Sikulitafsiri mimi. Ningeweza kwa dakika tano, lakini mimi ni ndugu, na tafsiri ya ndugu ingewapa sababu ya kuitilia shaka. Tulimlipa mfasiri mwingine dola 60, akaandika na hati ya kuthibitisha usahihi.

Rufaa

Dada alitaka barua ianze na baba. Alitaka waelewe. Tulibishana, nami nilikuwa mkali kuliko nilivyopaswa kuwa kwa dada mkubwa, nikamwomba radhi baadaye. Mwishowe barua ya kurasa tatu ilianza na maneno ya ukurasa wa 67, yakafuata maneno ya kukataliwa, kisha ukurasa wa 41 wa faili lao. Daftari na tafsiri yake vikawa kiambatisho cha nne. Daktari wa upasuaji aliandika ukurasa mmoja akieleza kanuni ya 2022, kwamba hata kwa 34.8 mgonjwa mwenye kisukari kisichotulia anafikiriwa, na akaongeza kwamba chama cha madaktari hao tangu 2011 kimepinga masharti ya kulazimisha kupunguza uzito kabla ya upasuaji kwa kuwa hayana ushahidi. Tukaomba pia rufaa isomwe na daktari mwenye ujuzi wa upasuaji huu, ambaye si yule wa kwanza wala mtu wa chini yake, kama sheria inavyotaka.

Aya ya mwisho ilikuwa ya dada, kwa maneno yake. Aliandika kwamba huwanyanyua wazee wanane kila usiku, na kwamba mapumziko yake huyatumia kulala kwenye gari akiwa ameweka simu imwamshe kila baada ya dakika kumi, kwa hofu ya kutoamka. Sikubadilisha neno. Baba alitajwa mara moja, kwenye tarehe.

Rufaa ilitumwa kwa faksi na kwa posta ya kusaini tarehe 16 Oktoba. Muda wa kisheria ni siku 180 tangu kupokea barua ya kukataliwa, kwa hiyo tulikuwa na nafasi, lakini mwaka wa bima wa dada huanza upya Januari na sikutaka tuvuke. Kwa matibabu ambayo bado hayajafanyika wana siku 30 za kujibu. Walijibu tarehe 13 Novemba. Daftari lilikubaliwa: sababu ya Mei ikafutwa kwa sentensi moja kavu. Sababu ya BMI ikabaki. Msomaji wa rufaa aliurudia ule mwongozo wa ndani neno kwa neno.

Dada alisema inatosha. Mfanyakazi mwenzake alikuwa ameshakwenda kufanyiwa Tijuana, Mexico, kwa fedha zake, akarudi salama, naye akaanza kuuliza bei. Sikumlaumu. Nilimwonyesha takwimu moja ya taasisi ya utafiti wa sera za afya, KFF: mwaka 2021, kwenye mipango ya soko la shirikisho, madai kama 17 katika kila 100 ya watoa huduma walio kwenye mtandao wa bima yalikataliwa, waliokata rufaa hawakufika hata mmoja katika 100, na kati ya rufaa zilizokatwa asilimia 41 zilibatilisha uamuzi. Ile ni mipango ya watu binafsi, si ya waajiri kama wake. Hata hivyo aliiangalia ile 41 kwa muda mrefu, akasema, "Basi tuwapelekee na hao wengine."

Hao wengine ni wachunguzi wa nje. Tangu sheria ya afya ya 2010, aliyekataliwa kwa sababu ya kitabibu anaweza, ndani ya miezi minne ya uamuzi wa mwisho wa ndani, kudai kesi isomwe na shirika huru, na uamuzi wa shirika hilo unaifunga bima. Dada hakulipa kitu. Tuliomba tarehe 20 Novemba. Hatukuandika barua mpya, tuliongeza ukurasa mmoja tu wenye safu mbili: kushoto maneno ya kitabu cha mpango, kulia maneno ya mwongozo wa kampuni. Chini, swali: kipi kati ya hivi dada aliahidiwa?

Shirika hilo lina siku 45 tangu likabidhiwe kesi. Zilikuwa siku ndefu. Krismasi ikapita, mwaka ukageuka, na tarehe 8 Januari 2024 faksi iliingia kwa daktari wa upasuaji. Msomaji alikuwa daktari wa upasuaji wa tumbo. Aliandika kwamba lugha ya mpango iko wazi, kipimo ni cha kuanzia programu, na kwamba kisukari cha mgonjwa kinatosha kuonyesha hitaji la kitabibu. Uamuzi wa bima umebatilishwa.

Dada alifanyiwa upasuaji tarehe 27 Februari 2024, akalala hospitali usiku mbili. Insulini iliachwa kabla hajaruhusiwa. Miezi sita baadaye A1c ilikuwa 6.1, na kilo 71.

Kuvuka Januari kulimgharimu, kama nilivyohofia. Kiwango chake cha kulipa mwenyewe kilianza upya kutoka sifuri, akalipa dola 4,500, ambacho ndicho kikomo cha mpango wake kwa mwaka. Kama wangekubali Agosti, alikuwa ameshalipa zaidi ya nusu ya kikomo cha 2023. Fedha hizo hakuna rufaa ya kuzirudisha, tumeuliza. Na vitamini anazopaswa kumeza maisha yake yote hununua mwenyewe.

Mwezi Mei uliofuata alikuja kwake mama mmoja Mkongomani wa kutoka Uvira, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo, akiwa na barua yake ya kukataliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Dada alimwandalia chai, akamwuliza kama anacho kitabu cha mpango. Alikuwa nacho kwenye simu. Tulikitafuta, na kwenye orodha ya visivyolipiwa sentensi ilikuwepo: upasuaji wa unene haumo. Dada alinitazama nimwambie, nikamwambia yule mama kwa Kiswahili chake, taratibu, kwamba hapa hakuna rufaa ya kitabibu. Lakini kwenye mpango wa namna hiyo mwajiri ndiye anayechagua kiingie nini na kitoke nini, na huchagua upya kila mwaka. Yeye na wenzake 14 wa zamu ya usiku wameandika barua kwa ofisi ya utumishi ya ghala, wakaipeleka mwezi Agosti. Mipango ya mwaka mpya hutangazwa kwao Novemba.